Waoshaji wa Mlimani

Mlima wetu umependeza. Naanza na hilo ili nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu, maana ndugu zangu wanasema nina mdomo mkali, na hawakosei. Ukisimama barabarani Mkuyuni, hapa Mwanza, ukatazama juu, unaona ngazi za mawe zilizonyooka, mitaro iliyojengewa vizuri, miti midogo iliyozungushiwa wavu ili mbuzi wasiifikie, na kule juu kabisa, katikati ya majabali, kibaraza chenye mabenchi kwa ajili ya wanaotaka kulitazama ziwa. Jumapili vijana hupanda kupiga picha. Maharusi nao hupanda, magauni yao wameyakunja mkononi, wanahema. Mahali ilipokuwa nyumba ya mama yangu pana benchi moja na bustani ya maua ya njano ambayo jina lake silijui.

Mimi ni fundi cherehani, nina banda langu pale sokoni, kwa hiyo mlima huo nauona kila siku, nitake nisitake. Wateja wakisubiri nguo huutazama na kusema jamani, palivyobadilika. Naitikia. Sindano ikiwa mdomoni mtu hawezi kusema mengi.

Zamani huko juu kila mtu alijenga pale jabali lilipomruhusu. Ukuta mmoja wa nyumba ulikuwa wa tofali, wa pili ulikuwa jiwe alilolisimamisha Mungu mwenyewe. Hapakuwa na njia ya gari wala ya pikipiki. Kila kilichopanda kilipanda kichwani mwa mtu: maji, mkaa, saruji, kabati, jeneza tupu. Na kilichoshuka kilishuka hivyo hivyo. Mvua ikinyesha, vyoo vya watu wa juu viliwamwagikia wa chini, wa chini wakalimwagikia ziwa, na ziwa hilo ndilo tulilokunywa. Kipindupindu kilikuwa kinatujia kama shangazi, bila kubisha hodi. Mtu akikuambia maisha ya mlimani yalikuwa mazuri, mwulize kama alikuwa anaishi juu au alikuwa anapatazama akiwa barabarani.

Mlango wa mama ulitazamana na mlango wa mwanamke mmoja wa kisiwa cha Ukerewe. Njia iliyowatenganisha ilikuwa nyembamba, kila mmoja angeweza kumpa mwenzake chumvi bila kutoka nje. Mama ni Msukuma wa upande wa Magu. Yule wa Ukerewe alikuja Mwanza na mumewe aliyepata kazi ya kupakua samaki, mume akafa, na watoto Mungu hakuwajalia. Nilimwita mama mdogo. Hatukuwa na damu moja, ila alinichapa kama mwenye haki na kunisuka nywele kama mwenye haki, na nilipovunja ungo yeye ndiye aliyenifundisha yale ambayo mama alikuwa anaona haya kuyasema.

Maisha yao yalikuwa ya kutaniana kuanzia asubuhi. Mama mdogo akiona mama ameanika michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu wanavyovipenda Wasukuma, anapiga kelele ng'ambo ya njia: "Mwenzangu, leo tena unakula magome?" Mama naye anamjibu kwamba afadhali magome kuliko watu wa kisiwani ambao wakikosa samaki siku moja wanaandika wosia. Wageni walidhani wanagombana. Jioni walikuwa wanakula sahani moja.

Hao wawili walikuwa na kazi ambayo hawakuwahi kulipwa. Mwanamke wa mlimani akifia nyumbani, wao ndio walioitwa kumwosha. Sijui ilianzaje. Nadhani walianza kwa kumwosha jirani mmoja aliyekuwa hana ndugu hapa mjini, wakamwosha vizuri, habari zikaenea. Mama alikuwa anaosha, mama mdogo anamimina maji. Maji yenyewe waliyapasha moto kwanza. Nilipokuwa msichana nilimwuliza mama kwa nini wanamaliza kuni kupasha maji ya marehemu, akanijibu kwamba yeye mwenyewe hapendi maji ya baridi.

Na walikuwa wanaongea naye. Hilo ndilo lililowatofautisha na waoshaji wengine. Kuta zetu zilikuwa nyepesi, nimewasikia mara nyingi nikiwa nje na wasichana wenzangu tukisubiri kutumwa. Mama anasema: "Sasa tunakuosha uso. Sasa mkono wa kulia. Geuka kidogo, mwenzetu, tukuoshe mgongo. Haya, tumekugeuza, pole." Mama mdogo anaitikia: "Pole, mama, tunamaliza." Hawakumfanyia jambo lolote kabla ya kumwambia. Waliokuwa wakilia nje, wakisikia sauti zile, walinyamaza kidogo, kama vile aliyeko ndani ni mgonjwa tu anayehudumiwa. Kisha wanaume wanampokea, wanamshusha bonde kwa bonde, jiwe kwa jiwe, hadi kwenye gari lililosubiri barabarani.

Kati yao wenyewe yalikuwepo makubaliano: atakayetangulia ataoshwa na atakayebaki. Nilikuja kulijua hilo nikiwa mtu mzima, tena kwa kusikia, si kwa kuambiwa. Siku moja mama aliuliza, wakichambua dagaa, "Na atakayebaki je?" Mama mdogo akacheka: "Atakayebaki atajijua." Wakacheka wote wawili, kwa sababu walikuwepo wanawake wengine wa mlimani waliokuwa wanajifunza nyuma yao, na hakuna aliyefikiri kwamba mlima unaweza kuisha watu.

Niseme na mengine mawili ili msomaji asinishangae mbele ya safari. La kwanza, kwetu mtoto hamwoshi mama yake. Mtoto anakaa mkekani, anafarijiwa. La pili, mwosho wa mtu aliye hai hautajwi mbele ya watu. Ni uchuro, ni kumwitia mtu kifo. Marafiki wawili wanaweza kulisema wakiwa peke yao kwa utani, lakini hadharani, hata kwa fumbo, hapana.

Kisha mradi ukaja.

Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi iliyo chini ya mlima, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto. Wataalamu walikuwa watatu. Aliyezungumza zaidi alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya upole, aliyewaamkia wazee wote shikamoo mmoja mmoja kabla hajaanza, na jambo hilo peke yake lilitosha kutulainisha. Alikuwa na bango kitita, akaandika juu yake maneno makubwa: Kuhuisha makazi. Ushirikishwaji. Uendelevu. Utambulisho wa mahali. Akayaeleza moja baada ya jingine kwa Kiswahili chepesi. Alisema siku hizi mahali hapahuishwi kwa kubomoa na kuanza upya, kwamba mahali si mawe na mabati tu bali pia ni watu na mazoea yao, na mpango mzuri unaanza kwa kuwauliza wenyeji. Mzee mmoja nyuma alinong'ona kwamba mtu anahuisha kilichokufa na sisi tuko hai, watu wakacheka. Yule dada alicheka pia. Sikumchukia. Mpaka leo simchukii.

Akauliza: "Ni kitu gani cha hapa ambacho hamtaki kukipoteza?"

Watu wakasema. Kioski cha maji. Kanisa dogo. Ukaribu wa soko. Uwanja wa vijana wa mpira, ule uliobanwa na majabali kiasi kwamba golikipa mmoja alikuwa anasimama mlimani na mwenzake bondeni. Mwanamke mmoja akataja jabali la kuanikia dagaa, darasa zima likacheka, lakini dada akaliandika. Na kweli jabali lile lipo hadi leo, limejengewa kizingo na kuwekewa kibao, ingawa hakuna anayeanika kitu juu yake kwa sababu hakuna anayeishi karibu.

Halafu akaja kwenye jambo gumu. Alisema sehemu ya juu kabisa haiwezi kubaki na nyumba, majabali mengine yamelegea, mitaro haiwezi kupita. Walio juu watahama. Watapata fidia, na wanaotaka watapewa viwanja vilivyopimwa Buswelu, pembezoni mwa mji. Ndipo akasema neno ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi nikiwa kwenye cherehani: "Kama kuna kaya zinazopenda kuwa jirani huko ziendako, zituambie leo. Tutawapanga pamoja."

Ndugu wawili waliojenga karibu wakanyoosha mikono. Baba na mwanawe wakanyoosha. Mama mmoja na mkwewe walinyoosha, mmoja kwa shingo upande. Yule dada akapita kati ya madawati, akafika kwa mama na mama mdogo waliokuwa wamekaa dawati moja.

"Na mama zangu ninyi?"

Mama alimtazama mwenzake. Mwenzake alitazama ubao.

"Mna undugu?"

"Hapana," mama alisema. "Majirani tu."

"Lipo jambo lolote la pekee ambalo mngependa tulizingatie?"

Mama alijiweka sawa kitenge begani. "Hatuna neno, mwanangu."

"Hatuna neno," mama mdogo akasema.

Nilikuwa nimekaa nyuma yao. Neno walikuwa nalo, na kila mwanamke mle ndani alilijua, pamoja na mimi. Lakini nani angelisema? Angesimama nani mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mbele ya wanaume na wageni, aseme wapangeni hawa pamoja kwa sababu mmoja atamwosha mwenzake? Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kabisa kustahili kulisema, mtoto wa mmoja wao. Yule dada alisubiri kidogo, nadhani alihisi kitu, kisha akasogea kwenye dawati lililofuata. Tuliulizwa vizuri na tukanyamaza kwa heshima. Hadi leo nikisikia redioni watu wakibishana kuhusu kuwashirikisha wananchi, nafikiria lile dawati.

Baadaye mama alisema, "Nilidhani atasema yeye, mdomo wake mwepesi." Na mama mdogo, nilipomwuliza kwa simu, alisema, "Nilidhani atasema yeye, ndiye mkubwa." Na hapo walikuwa wameshatenganishwa na maji.

Maana mama mdogo hakuona sababu ya kwenda kuanza upya Buswelu katikati ya watu asiowajua. Kaka yake Ukerewe alimwita arudi kwao, akachukua fidia yake akarudi. Tulimsindikiza bandarini na godoro, kabati dogo na mabati ya nyumba yake aliyoyaezua mwenyewe, moja moja, bila kukunja hata moja. Hawakulia wale wawili. Mama alimwambia asivimbe tumbo kwa machungwa ya huko kisiwani, yeye akamwambia mama asikauke kama chakula chake. Meli ilipoanza kusogea mama alikuwa bado anatafuta jibu.

Katika ufundi wangu ipo kazi inayoitwa kugeuza kola. Shati la mtu likichakaa shingoni, unafumua kola, unaigeuza upande wa ndani uliokuwa haujaonekana, unaishona tena. Shati linakuwa jipya machoni pa watu, na bado ni la yule yule. Nilidhani ndivyo watakavyoufanya mlima wetu. Lakini niseme ukweli, yapo mashati yasiyogeuzika, na vile vyoo vya juu nilivijua. Sijui ningefanya nini kama mimi ndiye niliyeshika mkasi. Ninachojua ni kwamba hasira yangu inatafuta mtu wa kuiangukia na haimpati, na hasira ya namna hiyo inachosha kuliko nyingine zote.

Buswelu ni pazuri. Mama alipata nyumba ya vyumba vitatu, maji bombani uani, choo cha ndani alichokiogopa mwezi mzima. Gari linafika mlangoni. Majirani wana kuta na mageti, wanatoka alfajiri kwenda kazini mjini na kurudi giza limeingia. Siku za mwanzo mama alitoka asubuhi akasimama njiani kuamkia watu kama alivyozoea, "Mwangaluka," na madirisha ya magari yakampita yakiwa yamefungwa. Si kwamba ni watu wabaya. Hawakumsikia. Baada ya muda akaacha kutoka, akawa anakaa uani na kuzungumza na simu.

Aliyekuwa upande wa pili wa simu ni mama mdogo. Walipigiana kila siku, na kelele zao zilinirudisha njiani kwetu. Mama mdogo alisimulia kwamba huko nako mradi umefika. Mwalo wa kijiji, pale mitumbwi inapotia nanga na dagaa huanikwa mchangani, umewekewa sakafu ya zege, uzio, na vichanja virefu vya kuanikia. "Wametuhuisha na huku," alisema akicheka. "Dagaa sasa hawana mchanga, kweli. Lakini zamani mwanamke yeyote alianika popote. Sasa una kichanja au huna kichanja. Mimi sina, nimechelewa kurudi." Alikuwa anakaa nyumbani kwa kaka yake, anasaidia kupika. Alisema kwao ni kwao, ila wenzake aliokua nao wameolewa mbali au wamekufa, na waliopo wanamwita mgeni wa Mwanza.

Mwishoni mwa mazungumzo mama alikuwa anamwuliza, "Umekula?" Upande wa pili unajibu. Kisha mama anakata simu na kubaki ameishika.

Mama mdogo alianza kulalamika kifua. Kisha siku nyingine sauti ilikuwa ya chini, siku nyingine simu ikapokelewa na mtoto wa kaka yake aliyesema shangazi amelala. Mama alianza kufunga mzigo wa kwenda kumwona. Alikuwa anasubiri nimalize sare za shule nilizoahidi watu, twende wote. Alasiri moja, nikiwa kwake nimempelekea samaki, simu ikaita. Mtoto wa kaka yake alisema shikamoo bibi, mama akaitikia marahaba, kisha akawa anasikiliza tu. Alipoiweka simu chini alisema, "Niletee kitenge cheusi. Nikamwoshe."

Nilimwambia meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, imeshaondoka. Akasema tuzunguke kwa barabara, tupite Bunda tukavuke Kisorya. Nikamwambia tutafika kivuko kimeshafungwa, tutalala upande wa huku tukilitazama ziwa. Alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwake, halafu akaketi kwenye kochi amevaa viatu. Nilipoamka alfajiri alikuwa bado amevivaa.

Tulisafiri na meli ya asubuhi. Mama hakukaa ndani, alisimama kwenye vyuma vya ukingoni, amekumbatia kifurushi: sabuni mpya, taulo, kopo la mafuta ya nazi, kitenge kipya alichokuwa amekiweka kwa ajili hiyo tangu mlimani. Aliniuliza mara kadhaa kama watakuwa wamemsubiri. Nilimjibu kwamba mazishi ni alasiri, nikajifanya sikuelewa anauliza kitu gani.

Kijiji kipo mbele ya Nansio, ufukweni. Tulipofika kwa bodaboda, turubai lilikuwa limefungwa uani, wanawake wanapika, wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi. Jeneza lilikuwa sebuleni, limefunguliwa upande wa uso. Mama aliingia bila kumsalimia mtu, akatazama, akageuka.

"Nani amemwosha?"

Alijibu mke wa kaka wa marehemu, mama mtu mzima, mpole. "Mimi, dada, na muuguzi wa zahanati. Jana jioni. Hapa hatuna mochwari karibu, tusingeweza kukaa naye hivyo."

"Maji mlipasha?"

"Yalikuwa safi, dada. Ya ziwani, lakini safi."

"Mliongea naye?"

Yule mama hakuelewa. "Katekista alikuja. Tulisali."

"Siulizi sala. Mlipomgeuza, mlimwambia kwamba mnamgeuza?"

Wanawake waliokuwa mlangoni walitazamana. Mke wa kaka alikuwa anatafuta neno, machozi yanamlengalenga, na mimi nilitamani ardhi inimeze kwa ajili ya wote wawili. "Hatukujua, dada," alisema. "Samahani. Hatukujua kama alipenda hivyo."

"Hamjakosa," mama alisema. Akamshika bega. "Hamjakosa, mdogo wangu. Ni mimi nilikuwa mbali."

Halafu akapiga magoti, magoti yake mabovu, akaweka mdomo karibu na sikio la rafiki yake, akaanza. Sauti yake ilikuwa ile ile niliyoisikia kupitia ukuta wakati wa usichana wangu. "Wamekuosha uso. Ni wifi yako, ana moyo mzuri. Wamekuosha mkono wa kulia. Wamekuosha wa kushoto. Sasa wamekugeuza, mwenzangu, wamekuosha mgongo. Pole. Maji yalikuwa ya baridi, pole sana. Wamekuosha miguu." Alikwenda hivyo mpaka kwenye vidole, bila tone la maji, akisimama kidogo baada ya kila kiungo. Na kila aliposimama nilielewa anasubiri nini. Alikuwa anasubiri mtu wa upande wa pili aitikie. Nilijikuta nasema, "Pole, mama mdogo, tunamaliza." Mama hakunikataza.

Alizikwa alasiri ile, kwenye mchanga mwekundu nyuma ya nyumba, kwa heshima zote. Watu wa kijiji walikuja wengi. Hakuna lililokosewa. Kitenge alichokileta mama kiliwekwa juu ya jeneza.

Siku ya kurudi tulikaa ndani ya meli kwa sababu kulikuwa na upepo. Majabali ya Mwanza yalipoanza kuonekana mama alisema, "Na mimi ataniosha nani?"

Nilimwambia nitamwosha mimi.

"Mtoto hamwoshi mama yake." Alikasirika kweli, kama vile nimemtukana. "Wewe utakaa mkekani. Usiniletee mambo ya mochwari, wala usinilipie watu. Nimeuliza swali, sijaomba kusaidiwa."

Nilihesabu kichwani wanawake wa mlimani waliokuwa wanajifunza nyuma yao. Mmoja alikwenda kwa mwanawe Dar es Salaam. Mwingine yuko Igoma, amepooza. Mmoja simu yake haipatikani tangu alipohama na hakuna anayejua aliko. Sikumwambia, kwa kuwa niliona midomo yake ikitembea, naye alikuwa anawahesabu hao hao. Nililia, nikageukia dirishani ili asione, naye akajifanya hajaona. Nimemlilia mama mdogo mara nyingi tangu wakati huo, lakini machozi ya siku ile hayakuwa yake.

Sasa mama ameanza tena kutoka asubuhi. Mwanzoni nilifurahi, nikadhani majonzi yamepungua. Anasimama njiani Buswelu, anapiga hodi kwenye mageti, anamwamkia kila mwanamke, anauliza habari za watoto, anapeleka kibakuli cha michembe iliyochemshwa na karanga. Watu wameanza kumzoea, wanamwita bibi. Nilimsifu, nikamwambia ndivyo mtu anavyoota mizizi mahali papya. Alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga aliyemzaa mwenyewe.

Juzi nilimkuta uani, nikamwuliza amekutana na nani leo. Akanitajia mama mmoja kijana wa nyumba ya kona, mwenye geti la bluu.

"Yule ana mkono mwepesi," alisema.

"Umejuaje?"

"Nimemwona anamwogesha mtoto wake uani. Alipasha maji kwanza. Na anamsemesha, kila anapomgeuza anamwambia."

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama ameshamwambia.

"Bado," mama alisema. "Nataka kwanza nijue kama atakaa. Ni mpangaji."